Orodha ya Sare: Mmoja Anaandika, Mwingine Analipa

Kabla ya kufutwa, ada ya shule ya sekondari ya kutwa ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 uliiondoa kuanzia Januari 2016. Kwa mzazi wa mtoto anayesoma kidato cha kwanza hadi cha nne, huo ni wepesi wa shilingi 80,000 kwa miaka 4. Ni nafuu ya kweli na hakuna sababu ya kuibeza. Lakini jukumu la kumvisha mwanafunzi lilibaki begani mwa mzazi. Ukimvisha binti mmoja wa Handeni au Korogwe, mkoani Tanga, kuanzia kichwani hadi miguuni siku anayoanza kidato cha kwanza, unamaliza zile 80,000 zote na kuongeza nusu yake.

Makala haya yanafuata fedha hiyo: inakwenda wapi, inakuwa kubwa kiasi gani ikijumlishwa kwa wilaya mbili, na nani mwenye uwezo wa kuipunguza. Bei zinazotumika ni za mfano wa kukokotolea. Duka la Manundu, Korogwe, halilingani na la Mkata, Handeni, na bei ya Novemba si ya Januari. Msomaji anaweza kuweka bei za mtaani kwake na kurudia hesabu. Hoja haitabadilika sana.

Kipande kwa kipande

Fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule huwa na orodha ndefu, na sare hukaa katikati yake. Kwa msichana wa shule ya kutwa, tuchukue hivi:

- Sketi 2 za marinda, kila moja 16,000: shilingi 32,000
- Mashati 2 meupe, kila moja 10,000: shilingi 20,000
- Sweta 1 lenye rangi na jina la shule: shilingi 15,000
- Viatu vyeusi vya ngozi, jozi 1: shilingi 25,000
- Soksi jozi 2: shilingi 5,000
- Nguo za michezo: shilingi 18,000
- Tai na nembo: shilingi 5,000

Jumla ni shilingi 120,000. Msichana wa Kiislamu anayevaa hijabu, na katika wilaya hizi mbili ni wengi, akiongeza mitandio 2 ya 5,000 kila mmoja, anafika 130,000. Hapo hatujagusa begi, madaftari, mkebe wa hesabu wala taulo za kike.

Viatu na sketi vinakula karibu nusu ya fedha yote: 57,000 kati ya 120,000. Tai, nembo na sweta lenye jina vinakula 20,000, sawasawa na ada ya mwaka mzima iliyofutwa. Shati jeupe ndilo lenye njia ya mkato, kwa kuwa halina alama ya shule. Mzazi anaweza kulipata mnadani kwenye mitumba kwa bei ndogo sana, na mwalimu wa zamu asijue tofauti. Kila kipande kinachoweza kununuliwa popote hushuka bei. Kinachopatikana mahali pamoja tu hakishuki.

Siku 22 za mkonge

Namba 120,000 haina uzito mpaka ipimwe kwa jasho. Korogwe kipimo kipo tayari, kwa sababu mashamba ya mkonge ya Ngombezi, Magoma na Hale yamekuwa yakilipa vibarua kwa vizazi. Amri ya Mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha kazi za kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, au 5,384.50 kwa siku. Gawanya 120,000 kwa kiasi hicho: siku 22 na ushee. Mwezi wa kazi una siku 26. Mkata mkonge anayepokea kima hicho, akimvisha binti mmoja, anabakiwa na mshahara wa siku zisizofika 4 kwa chakula, mafuta ya taa na nauli ya kwenda Magunga hospitali mtoto mdogo akiugua.

Mkulima wa Handeni hana mshahara wa kugawanya, ana magunia. Mahindi ya masika huvunwa katikati ya mwaka, na ndipo wanunuzi wa malori wanapopita na bei ya chini. Kwa bei ya mfano ya shilingi 500 kwa kilo, sare moja ni kilo 240, yaani magunia 2 ya kilo 100 na kilo 40 juu. Kama angeweza kuyaweka ghalani mpaka Januari bei ifike 900, angetoa kilo 133 tu. Tofauti ni gunia zima na zaidi. Ila Januari ndiyo mwezi ambao ghala la mkulima wa kawaida limebaki na mbegu na chakula cha nyumbani, hasa vuli ikikataa, na Handeni si ngeni kwa vuli kukataa.

Kalenda ya shule na kalenda ya shamba hazisalimiani. Majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza hutoka mwishoni mwa mwaka, na shule hufunguliwa mapema Januari. Mzazi aliyeuza mahindi Agosti hakujua bado binti yake angepangiwa shule gani, wala sketi ya rangi gani. Alipojua, fedha ilishakwenda kwenye mbolea na madeni. Hapo ndipo anapokopa, na riba ya mkopo wa duka haimo kwenye ile 120,000.

Marinda yana bei

Tuitazame sketi kwa karibu, maana ndiyo inayoonyesha jinsi uamuzi mdogo wa ofisini unavyogeuka kuwa fedha nyingi mtaani.

Msichana mwenye nyonga ya sentimita 90 anashonewa sketi ya marinda kuzunguka mwili mzima. Kila rinda lina tabaka tatu za kitambaa: moja inaonekana, mbili zimejificha. Kwa hiyo fundi anahitaji upana wa 90 mara 3, yaani sentimita 270. Kitambaa cha sare chenye upana wa sentimita 150 hakitoshi kwa kipande kimoja; vinatakiwa viwili. Urefu wa sketi ni 70, upindo wa chini 8, na 2 za kushonea juu: sentimita 80. Vipande 2 vya 80 ni mita 1.6, ongeza sentimita 15 za mkanda wa kiunoni. Jumla mita 1.75. Kwa shilingi 6,000 kwa mita, kitambaa ni 10,500, na ushonaji 5,500. Ndiyo ile 16,000.

Sasa fundi yuleyule ashone sketi yenye rinda moja pana mbele. Nyonga 90, rinda 25, nafasi ya kushonea kidogo: upana wa kipande kimoja unatosha na kubaki. Sentimita 80 na mkanda unaosaidiwa na mabaki hayo, mita 0.9. Kitambaa 5,400. Binti anatembea, anakimbia na kuketi vizuri tu. Tofauti ni sentimita 85 za kitambaa, shilingi 5,100 kwa sketi, 10,200 kwa sketi mbili. Kwa kibarua wa mkonge hizo ni karibu siku 2 za kazi, na zimo ndani ya mikunjo isiyoonekana.

Upindo nao una hesabu yake. Sentimita 8 zile, kwa sketi ya marinda yenye vipande viwili, ni sentimita 16 za kitambaa, shilingi 960. Binti wa miaka 13 au 14 anaweza kurefuka sentimita 5 au zaidi kwa mwaka mmoja. Fundi akifungua upindo mwaka wa pili, shilingi 960 imeokoa sketi ya 16,000. Ndiyo maana mama mzoefu hubishana na fundi kuhusu upindo kabla hajabishana kuhusu bei.

Wilaya mbili, kilomita 170

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 355,702 katika halmashauri mbili za Handeni, wilaya na mji, na 310,346 katika zile mbili za Korogwe. Pamoja ni 666,048, karibu theluthi moja ya watu 2,045,205 wa mkoa wa Tanga. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa na watu 2,615,597. Kama sehemu ya wilaya hizi mbili imebaki ileile, zina watu kama 850,000.

Tanzania ni nchi ya watoto. Zaidi ya watu 4 kati ya 10 wana umri chini ya miaka 15. Tuweke wasichana wanaovaa sare, msingi na sekondari, kuwa 100,000, yaani mmoja kwa kila watu 8 au 9. Na tuchukulie kila mmoja anashonewa kwa mwaka sketi 2 za kipimo tulichokitaja. Wadogo wa darasa la kwanza watatumia kitambaa kidogo zaidi, kwa hiyo hii ni dari ya hesabu.

Sentimita 85 za mikunjo mara sketi 200,000 ni mita 170,000. Ni kilomita 170 za kitambaa. Reli ya Usambara iliyojengwa na Wajerumani ilifika Korogwe mwaka 1902, kilomita 84 kutoka Tanga. Mikunjo peke yake ingetandikwa kutoka stesheni ya Tanga hadi Korogwe na kurudi, ikabaki kidogo. Kwa fedha ni shilingi bilioni 1.02. Hakuna mkutano wowote uliopitisha matumizi hayo. Yamepitishwa na neno moja kwenye orodha: marinda.

Nchi iliyoandika orodha ya wote

Wajerumani waliojenga reli ile walishindwa vita na kurudi kwao, na baada ya miaka michache nchi yao ikatoa mfano uliokithiri wa orodha ya sare iliyoandikwa na mmoja na kulipwa na wote. Chama cha Nazi kilianzisha jumuiya yake ya wasichana, Bund Deutscher Mädel, mwaka 1930. Sheria ya Desemba 1, 1936 iliwataka vijana wote wa Kijerumani wawe ndani ya jumuiya ya vijana ya chama, na amri ya Machi 25, 1939 ikaufanya ushiriki kuwa lazima kuanzia miaka 10 hadi 18. Mwanzoni mwa 1939 wasichana waliosajiliwa walishapita milioni 3. Wasichana wa Kiyahudi hawakuruhusiwa kuingia. Vikundi vingine vya vijana vilifutwa au kumezwa.

Sare yenyewe ilikuwa ya kawaida: sketi ya bluu iliyokolea, blauzi nyeupe, kitambaa cheusi cha shingoni kilichobanwa kwa pete ya ngozi, na jaketi la kahawia. Sketi ilikuwa na rinda mbele na ilifungwa kwa vifungo kwenye kiuno cha blauzi. Kwa kipimo chetu cha mita 0.9, sketi moja kwa kila msichana kati ya milioni 3 ni mita milioni 2.7, kilomita 2,700 za kitambaa.

Utawala ule haukutoa kitambaa hicho bure. Wazazi walinunua. Lakini hawakuwa huru kununua popote, kwani ofisi ya chama mjini Munich, Reichszeugmeisterei, ilitoa leseni kwa viwanda, mafundi na maduka, na nguo halali ilibeba lebo yake. Chama kilichora muundo, kikachagua wauzaji, kikalazimisha uvaaji, kisha kikamwachia baba risiti. Vita vilipoanza, serikali ilitoa kadi ya mgao wa nguo, Novemba 1939: pointi 100 kwa mtu kwa mwaka, na suti ya mwanamke peke yake ilikula 45. Amri ya kuvaa ilibaki, nguo zikapungua.

Ilihubiriwa kwamba mbele ya sare hakuna tajiri wala maskini. Huko nia ilikuwa kumtenganisha mtoto na wazazi, kanisa na marafiki wasiokubalika, awe mali ya chama. Sare ya shule Handeni haina nia hiyo, na ni kosa kuzilinganisha kwa makusudi yake. Zinalingana kwa muundo wa malipo tu: anayeandika hagharimiki, na anayegharimika haandiki. Vikundi vya hiari vinaepuka mtego huo. Girl Guides, walioanzishwa Uingereza mwaka 1910 na kuingia Tanganyika mwaka 1928, nao wana sare yao, lakini mzazi asiyeiweza anaweza kusema hapana na binti akabaki darasani.

Mafundi 1,250 au 250

Kila shilingi inayotoka mfukoni mwa mzazi inaingia mfukoni mwa mtu, na hapa habari si mbaya yote. Sketi 200,000 kwa ushonaji wa 5,500 ni shilingi bilioni 1.1 kwa mwaka. Zikishonwa Chanika, Mkata, Mombo na Manundu, fedha hiyo inazunguka wilayani: inalipa pango la kibaraza, inanunua mahindi yaleyale ya mkulima. Zikiagizwa zimeshonwa tayari kutoka mbali, inapita barabara kuu ya Segera bila kusimama.

Kikwazo ni muda. Fundi mwenye cherehani ya miguu akishona sketi 4 za marinda kwa siku, sketi 200,000 ni siku za kazi 50,000. Zikibanwa katika siku 40 kati ya Desemba na Januari, zinahitaji mafundi 1,250 wanaoshona kwa wakati mmoja. Zikitawanywa katika siku 200, wanatosha 250, na kila mmoja ana kazi ya mwaka badala ya msimu wa kukesha. Msongamano wa Januari ndio unaopandisha ujira wa fundi, ndio unaozaa sketi zilizoshonwa ovyo zinazofumuka Machi, na ndio unaompa mwenye duka la sare tayari nafasi ya kupanga bei.

Inanunua nini?

Mtu anaweza kuuliza kama inafaa kuhangaikia sketi wakati madarasa yamefurika na walimu ni wachache. Jibu la namba lipo jirani, Kenya. David Evans na Mũthoni Ngatia walifuatilia mradi uliogawa sare kwa watoto wa jamii maskini kwa bahati nasibu, hivyo waliopata na waliokosa walikuwa wa hali sawa. Kupata sare kulipunguza utoro kwa asilimia 37 kwa mwanafunzi wa kawaida, na kwa asilimia 55 kwa mtoto ambaye hakuwa na sare kabisa mwanzoni.

Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walichunguza shule za msingi 328 za magharibi mwa Kenya. Pale ambapo wanafunzi wa madarasa ya juu walipewa sare bure, wasichana walioacha shule ndani ya miaka 3 walishuka kutoka asilimia 19 hadi 16, na waliopata mimba wakiwa wadogo wakashuka kutoka asilimia 16 hadi 13. Kwa wasichana 100,000, pointi 3 za asilimia ni wasichana 3,000. Wilaya zetu si magharibi mwa Kenya, na namba haihamishwi kama kiti. Lakini hata theluthi ya hiyo ni mikondo mingi ya madarasa.

Kuna upande wa pili ambao mchambuzi mwaminifu haufichi. Evans na Ngatia waliporudi baada ya miaka 8, hawakuona kwamba waliopewa sare walifika darasa la juu zaidi kuliko waliokosa. Sare inamleta mtoto shuleni wiki hii na muhula huu. Haimfundishi hesabu, wala haimlishi mchana. Ni ufunguo wa mlango, na ndani ya mlango kuna kazi nyingine.

Kwa msichana, sketi ya pili ina uzito zaidi ya ya kwanza. Mwenye sketi moja akichafuka siku za hedhi hana cha kubadili. Anaifua jioni, na mvua ya masika ikiigomea kukauka, kesho yake yuko nyumbani. Siku 2 kila mwezi kwa miezi 9 ya masomo ni siku 18, karibu wiki 4 za shule. Viongozi wa serikali wameagiza mara kwa mara kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa sare. Agizo hilo linamlinda getini. Halimlindi na macho ya wenzake 60 darasani.

Orodha nafuu inafananaje

Sare haihitaji kufutwa ili ishuke bei. Shule za msingi zinaonyesha njia: sketi ya bluu na shati jeupe vinamfaa dada wa Kwamsisi na mdogo wake aliyehamia Mombo. Nguo inarithiwa, mtumba unakubalika, kila fundi ana kitambaa. Ni sekondari ambako kila shule imejipatia rangi yake, kijani hapa na damu ya mzee pale, na urithi unakatika kwenye mpaka wa kata.

Tuirudie orodha ya mwanzo kwa kalamu nyingine. Sketi 2 za rinda moja, kitambaa 5,400 na ushonaji 4,600, zinakuwa 20,000 badala ya 32,000. Sweta la rangi moja lisilo na jina, 10,000 badala ya 15,000. Nembo ya kushonea mwenyewe bila tai, 1,500 badala ya 5,000. Kwa michezo, fulana yoyote ya rangi moja na bukta aliyonayo, 8,000 badala ya 18,000. Mashati, viatu na soksi vibaki 50,000. Jumla mpya ni shilingi 89,500. Imepungua 30,500, robo ya bei, na hakuna mtu wa mtaani atakayemdhania binti huyo si mwanafunzi. Kwa mkata mkonge ni siku 16 na nusu badala ya 22. Kwa wasichana 10,000 wanaoanza kidato cha kwanza, ni shilingi milioni 305 zinazobaki majumbani.

Hakuna kati ya hayo linalohitaji fungu la bajeti ya serikali. Linahitajika jambo moja kwenye bodi ya shule na kamati ya wazazi, na lifanyike kabla ya Agosti, mahindi yakiwa bado hayajauzwa: mbele ya kila mstari wa orodha iandikwe bei ya Manundu au Chanika, kisha wajumbe wapige kura mstari kwa mstari. Mstari unaosema marinda usomwe na bei yake, 6,000 zaidi kwa sketi, kitambaa na ushonaji. Unaosema sweta lenye jina usomwe na bei yake, 5,000 zaidi. Anayetaka ubaki aseme sababu mbele ya wanaolipa. Mistari mingine itapita, maana wazazi wanapenda mabinti zao wapendeze na hiyo ni haki yao. Lakini itakuwa imepitishwa na wenye fedha.